Treni Isiyompisha Mtu

Barua za kaka yangu nilizisoma mimi. Baba alijua kusoma namba za mabehewa na majina ya stesheni, zaidi ya hapo hakujisumbua. Mama alisoma Kurani vizuri, lakini mwandiko wa kalamu ulimchosha macho. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na katika nyumba za reli pale Kigoma, miaka ile ya Ujamaa, msichana wa darasa la saba alikuwa karani wa uwanja mzima. Barua ikifika haikufunguliwa mpaka alasiri, baba akishatoka kazini. Mkeka ulitandikwa uani, majirani wakaitwa, nami nikasoma nikiwa nimesimama. Baba alisema kusoma barua ya mtu aliye mbali huku umekaa ni kama kumpokea mgeni ukiwa umelala.

Kaka amezikwa Ujiji, na arobaini yake imesomwa wiki iliyopita. Barua zenyewe ziko mbele yangu kwenye kopo la biskuti, zote sita. Naandika haya kwa sababu ndani yake kuna kosa langu. Yeye hakulisema kwa mtu, na nisipolisema mimi halitasemwa.

Kaka alikuwa karani wa stesheni. Yeye na mwenzake mmoja, karani wa simu za maandishi, walichaguliwa kwenda kusoma mambo ya reli mwaka mzima katika nchi ya baridi, mojawapo ya zile zilizokuwa rafiki zetu wakati ule. Kabla ya kuondoka alikuwa amechumbia. Posa ilishapokewa Ujiji, kwa watu ambao babu zao walivuka ziwa kutoka Kongo kama babu zetu, na binti mwenyewe alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa watoto wa chuoni, tunasoma juzuu moja kwa zamu. Nilishaanza kumwita wifi. Ndoa ilikuwa ifungwe kaka akirudi. Kila aliyekuwa akisikiliza barua zile alikuwa akisikilizia ndoa hiyo.

Isipokuwa mtu mmoja. Huyo alikuwa mama wa yule mwenzake kaka, Muha wa Kasulu, mjane, aliyepika ugali na samaki wa ziwani, migebuka, akawauzia abiria pale stesheni siku za treni. Mwanawe alizoea maneno ya simu, matatu manne yanamtosha, hakuwa mtu wa kuandika barua. Kwa hiyo mama yule alikuja kwetu kumsikia mwanawe ndani ya barua ya mtoto wa wengine. Alitua beseni lake mlangoni, akakaa pembeni ya mkeka, miguu nje.

"Soma polepole, mwana wanje," aliniambia kila mara, akiniita mwanawe kwa Kiha. "Kiswahili cha barua kinakimbia."

Barua ya kwanza ilikuwa ndefu, na nusu yake alimwandikia baba. Baba alikuwa mgeuza njia. Kazi yake ilikuwa kuvuta mkono wa chuma ili treni iingie reli hii au ile, na alikuwa ameifanya tangu wakati wa Mwingereza. Kaka alijua baba atataka kujua nini.

"Baba," aliandika, "hapa mjini kuna treni za aina mbili, na tafadhali usizichanganye. Ya kwanza wanaiita metro. Inapita chini ya mji, katika shimo lake. Njia ni yake peke yake. Humo haipiti treni ya mizigo, haipiti treni ya mbali, haikatizi barabara wala ng'ombe. Kwa sababu hiyo haimpishi mtu. Ukutani hakuna ratiba, maana haihitajiki. Hii ikiondoka nyingine inaingia kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Viti ni vichache, watu wanasimama, na milango yote inafunguka mara moja. Hakuna gadi wa kukagua tiketi. Unatumbukiza kipande cha shaba kwenye kisanduku pale mlangoni, ukishapita umepita, uende kituo kimoja au vituo kumi.

"Ya pili ni treni ya vitongoji. Hiyo ni ndugu ya treni yetu. Inapita juu, kwenye reli zile zile za treni za mbali na za mizigo. Ina saa zake, ina gadi, ina tiketi iliyoandikwa jina la stesheni, na mkubwa wake akija inakaa pembeni kumsubiri apite. Inawachukua watu wanaokaa nje ya mji. Mimi siipandi. Sina mtu huko."

Nikatua ili watu wapumue.

"Treni inaingia ardhini," alisema jirani yetu mmoja, fundi wa mabehewa, "na watu wazima wanaifuata humo humo?"

"Wanaifuata," nikasema.

"Na wakifia humo?"

"Si wameshazikwa," akajibu mkewe, na mkeka wote ukacheka.

Balozi wa nyumba kumi hakucheka. Alikuwa mtu wa kuuliza, na siku zile hatukujua maswali yake yanaishia wapi. "Hiyo metro," akasema, "ni mali ya umma au ya tajiri fulani?"

"Hakuandika."

"Muulize. Mtu hawezi kusifu kitu bila kusema ni cha nani."

Baba alikuwa bado kwenye neno moja. "Haimpishi mtu?"

"Ndivyo alivyoandika, baba."

"Basi mgeuza njia anakula nini?"

Inabidi nieleze kwa nini neno lile lilimkaa. Reli yetu ni moja tu, kutoka Tabora mpaka inapoishia karibu na maji pale Kigoma. Treni mbili haziwezi kukutana isipokuwa stesheni, moja ikae pembeni nyingine ipite. Dereva haondoki bila karatasi mkononi inayosema njia iko wazi. Mtu akisafiri na sisi alijua atakaa Uvinza au Kaliua mpaka asikie honi ya mwenzake, ndipo aendelee. Kwa baba, kupishana ndiyo ilikuwa reli yenyewe. Treni isiyompisha mtu aliiona kama mtu anayepita mbele za wazee bila shikamoo. Hata hivyo, baada ya siku chache alianza kuipenda hadithi ile. Nilimsikia akiwafundisha wapakiaji wa mizigo: "Ile ya shimoni haingoji. Inayongoja ni ya vitongoji. Usizichanganye."

Mwisho wa barua palikuwa na salamu. "Mdogo wangu, metro haitoi tiketi, ndiyo maana sijakuletea kitu." Tulikuwa na mchezo wetu tangu utoto. Alinikusanyia tiketi zilizokwisha kutumika, zile za karatasi ngumu zenye tundu, nami nikazipanga kwa majina ya stesheni. Aliponiaga alisema ataniletea tiketi ya kila treni atakayopanda. Kisha aliandika: "Mwenzangu hajambo kabisa, anakula kuliko mimi, anamsalimu mama yake." Mama wa mwenzake akajipangusa mikono kwenye kitenge kana kwamba amepewa kitu, akabeba beseni lake akaenda.

Barua ya pili na ya tatu hazikuwa na neno. Theluji, viazi, mwalimu mkali. Kila mahali alikwenda kwa metro: chuoni, sokoni, bwenini. Mwenzangu hajambo, anawasalimu.

Ya nne ilikuja katikati ya masika. Nilikuwa nimezoea kusoma, ulimi ukitangulia akili, na nilifika katikati ya sentensi ndipo nikaisikia. "Jumapili iliyopita tulikaa zaidi ya nusu saa tukiipisha treni ya makaa ya mawe, na miguu yangu iliganda kabisa."

Nikarudi kwa macho mwanzo wa mstari. Baba alikuwa anachonga mpini wa jembe. Kisu kilisimama. Tulitazamana, yeye na mimi, wala hakuna mwingine aliyesikia kitu. Fundi wa mabehewa alikuwa anauliza makaa ya mawe yanafananaje.

"Soma," baba akasema.

Nikasoma mpaka mwisho. Mbele kidogo kaka aliomba dagaa. "Nitumieni dagaa wakavu, fungu kubwa. Kuna mtu hapa anawatamani sana." Kisha: "Mwenzangu anawasalimu. Mama yake asiache kuniombea dua na mimi." Nilipokung'uta bahasha ikaanguka tiketi. Karatasi ngumu, ya kijani, imetobolewa, na juu yake jina la stesheni kwa herufi ambazo sikuzijua.

Nilipaswa kufurahi. Ilikuwa zawadi yangu, kama alivyoahidi. Lakini mimi ni mtu wa kushuku, niliumbwa hivyo, na nilichokiona mkononi mwangu hakikuwa zawadi. Metro haitoi tiketi. Metro haipishi treni ya makaa. Mwenyewe alituandikia tusizichanganye. Basi kaka alikuwa amepanda ile nyingine, siku ya Jumapili, siku isiyo na masomo, kwenda nje ya mji, mahali alikosema hana mtu. Na sasa alikuwa na mtu anayetamani dagaa.

Jioni ile tukila, baba alisema peke yake, "Alipisha."

"Nani?" mama akauliza.

"Hakuna. Kula."

Dagaa walikaushwa na mama wa mwenzake. Alijitolea mwenyewe, akisema sisi hatujui kuwaanika, tunawaacha na mchanga. Alikaa siku tatu kwenye mwamba akiwageuza, akafukuza kunguru, akawafunga kwenye gunia dogo la unga, akalishona kwa uzi wa nyavu. "Na wangu atapata kidogo humo humo," alisema. Gunia lilikwenda na mwanafunzi mwingine aliyekuwa anakwenda nchi ile kupitia Dar es Salaam. Nilimtazama mama yule akishona na nikamwonea huruma kwa sababu isiyokuwepo. Nilidhani anamshonea chakula mwanamke wa kizungu.

Katika barua ya tano mlikuwa na tiketi mbili. Herufi sikuzijua, lakini macho yanajua kulinganisha. Nilizipanga zote tatu kitandani. Stesheni ilikuwa ile ile. Kumbe hakuwa mtu wa kutembea tu, leo huku kesho kule. Alikuwa na mahali. Barua ilisema dagaa wamefika na "wamefanya kazi yao". Ilisema mwenzangu anawasalimu. Nikafunga kopo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikwenda Ujiji. Nimejipa majibu mazuri: kwamba wifi alikuwa rafiki yangu, kwamba alikuwa na haki ya kujua. Ukweli ni kwamba nilifurahi kuwa na neno ambalo yeye hana. Kaka alipochumbia, mambo yote ya nyumbani yalianza kumhusu yeye; mama alimsifu mchana na jioni. Nilikwenda kwa miguu, tiketi zimefungwa kwenye pindo la khanga.

Alikuwa barazani kwao anatarizi foronya. Nikamweleza kwanza treni zile mbili, kwa uzi wake mwenyewe. Nikanyoosha mwekundu peke yake: hii ni metro, iko kwake, haigusi kitu. Nikachukua mweupe nikaupitisha katikati ya nyuzi nyingine: hii ni ya vitongoji, inakwama kwa wenzake. Kisha nikafungua pindo.

Alizigeuza tiketi. "Labda alikwenda kutembea," akasema.

"Jumapili zote?"

"Tiketi tatu siyo Jumapili zote."

"Hizo ndizo alizotuma."

Akachomeka sindano kwenye kitambaa. "Wifi, unasema nini?"

"Mimi sisemi kitu. Zinasema hizo."

Hakuniuliza tena. Alinipa maji, akanisindikiza mpaka kwenye njia, akanishukuru. Wala hakulia.

Siku ya tatu alikuja mshenga, na nyuma ya mshenga alikuja shangazi yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye Ujiji nzima ilimwogopa kwa sababu hakuwahi kupandisha sauti hiyo.

"Tumesikia mwanenu anapanda treni isiyo na saa," alimwambia baba. "Sisi tunauliza, na uchumba wetu nao hauna saa?"

"Hiyo ni metro," baba akasema. "Tatizo ni ile nyingine." Alipokwisha kulisema akatambua amelisema. Macho yake yakanitafuta mlangoni, kisha yakaniacha.

Wakakubaliana aulizwe. Niliandika mimi, kwa maneno ya baba: kule kwenye treni inayopisha, kuna nani? Majibu yalikuja baada ya wiki nyingi, ndiyo barua ya sita, fupi kuliko zote. Nilizoea kusoma mbele ya majirani, na hata siku ile mkeka ulitandikwa, maana ungeachwa watu wangeshuku zaidi. Shangazi alikuja. Mama wa mwenzake alikuja na beseni lake. "Sina mwanamke huku," aliandika kaka. "Zaidi ya hapo sina la kuongeza kwa sasa. Tunamaliza masomo. Mwenzangu anawasalimu."

"'Kwa sasa,'" shangazi akarudia. "Mtu asiye na kitu hasemi kwa sasa."

Nilimwona ana akili sana.

Siku aliyorudi tulikuwa stesheni wote, kama mji ule ulivyokuwa siku za treni, anayepokea na asiyepokea. Treni ilichelewa kwa saa nne. Ilikuwa imepisha mizigo Uvinza. Kaka alishuka amenenepa mashavu, amevaa koti zito katika joto lile, na alishuka peke yake. Mama wa mwenzake alisogea na beseni kichwani, akatazama mlango wa behewa nyuma yake mpaka watu walipokwisha kushuka.

"Wangu yuko wapi?"

"Shikamoo, mama," kaka akasema. "Ameongezewa masomo. Atakuja."

"Mwezi gani?"

"Atakuja, mama. Nipe samaki."

Akampa mgebuka na tonge, na kaka akala pale pale kwenye jukwaa, amesimama, mbele ya abiria wote, koti halijavuliwa, na mama yake mzazi anangoja kumkumbatia. Fundi wa mabehewa akasema huko alikokwenda kumbe walimshindisha njaa. Mimi niliwaza: anachelewesha kufika nyumbani.

Kikao kilifanyika Ujiji, kwa upande wa mke. Wanaume sebuleni, wanawake nyuma ya pazia. Mama wa mwenzake naye alikuja. Alisema huenda likatajwa neno la mwanawe. Alikaa ubavuni kwangu, karibu na pindo la pazia, na harufu ya samaki ikakaa kati yetu.

Shangazi aliuliza kutoka upande wetu, bila kujionyesha. "Ulikuwa unakwenda nje ya mji?"

"Kila Jumapili," kaka akasema. "Kwa miezi mitano."

Pazia lote likavuta pumzi. Hata mimi sikudhani ni kila Jumapili.

"Kwa mwanamke?"

"Hapana."

"Kwa nani basi?"

Nilichungulia. Kaka hakumtazama mshenga wala baba yake mkwe. Alitazama pindo la pazia, pale ambapo miguu ya mama wa mwenzake ilionekana, ina vumbi la njia, na akainamisha uso. Nikasema moyoni: aibu hiyo. Imemkamata.

"Siwezi kusema," akajibu.

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

Posa ikarudishwa. Wifi alikuwa chumba cha ndani, sikumwona. Kabla ya miezi minne kwisha aliolewa na fundi cherehani wa Rusimbi, mtu mwema, na mimi sikualikwa.

Kaka hakunigombeza. Alijua, kwa sababu zile tiketi zilikuwa zangu, hapakuwa na mtu mwingine. Alipohamishiwa stesheni ndogo huko njiani, asubuhi ya kuondoka, akifunga sanduku, aliuliza, "Tiketi zile bado unazo?"

"Ninazo."

"Zitunze." Ndiyo maneno yote.

Mwenzake alikuja mwezi mmoja baada ya harusi ya Rusimbi. Alikuwa mwembamba, amenyoa, anacheka kama zamani. Mama yake alimtembeza stesheni nzima akimshika mkono, mtu mzima yule, akiwaonyesha abiria wasiomjua. Jioni alikuja kwetu kumsalimu baba, na akataka tukae ndani, siyo uani. Tulikuwa watatu: baba, yeye na mimi niliyeleta chai.

"Mzee," akasema, "nimekuja kushukuru. Mwanao alinilea."

Alikuwa ameugua kifua kikuu, miezi sita baada ya kufika. Alipelekwa hospitali ya vifua iliyokuwa msituni, nje ya mji, mahali ambapo metro haifiki. Metro ya kule haikutoka mjini. Kufika huko kulikuwa na treni moja tu, ile ya vitongoji, yenye saa, inayokaa pembeni makaa yakipita. Kaka aliipanda kila Jumapili. Akamletea nguo safi, akamsomea, na dagaa wale alimchemshia kwenye sufuria la wauguzi mpaka wodi nzima ikalalamika harufu. "Nilikuwa sili kitu," alisema. "Nilianza kula siku ile. Nililijua gunia kwa mshono wake."

Baba aliuliza polepole, "Kwa nini hakuandika?"

"Nilimwapisha. Mzee, barua zenu zinasomwa mkekani. Mama yangu yuko pale. Ningekufa, angejua kabla ya mimi kujua. Na nisipokufa, nani atakula samaki wa mama wa mtu mwenye kifua kikuu? Anaishi kwa lile beseni."

Aliposikia yaliyotokea Ujiji akasimama, anataka kwenda saa ile ile. Baba akamvuta mkono akamkalisha. Mke wa mtu ni mke wa mtu, alisema. Na beseni la mama yako bado liko stesheni. Tukamwandikia kaka kumuuliza; akajibu kwa mstari mmoja kwamba tuyaache. Kwa hiyo hatukumwambia mtu. Mama yule aliuza samaki mpaka miguu ilipomkatalia, akafa hajui. Mwanawe naye alifuata baadaye sana, kwa ugonjwa mwingine. Kaka alioa Tabora, akapata watoto wazuri.

Na mimi nilijificha nyuma ya beseni lile. Lilikuwa sababu ya kweli wakati ule. Lakini mama yule alipokufa sababu ilikwisha, na bado nilinyamaza, na Rusimbi siyo mbali. Nilikutana na wifi sokoni Mwanga mara nyingi kwa miaka mingi. Tulisalimiana, tukaulizana watoto, tukasaidiana kuomba bei ya mchele ipunguzwe. Sikufungua mdomo. Niliogopa, basi.

Siku ya arobaini alikuja. Ni mjane sasa, anatembea na fimbo. Alikaa nami uani, akavuta ungo, tukachagua mchele wa pilau, yeye upande wake na mimi wangu. Tulichagua muda mrefu.

"Wifi," akasema, na hakuwa ameniita hivyo tangu foronya, "yule mtu wa treni alikuwa nani?"

Nikamwambia. Nilianza na hospitali, nikarudi nyuma kwenye dagaa, kwenye miguu chini ya pazia, mpaka kwenye furaha yangu siku ile nakuja Ujiji na pindo la khanga. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu. Hakuacha kuchagua. Nilipomaliza alikuwa ameshika punje moja nyeusi kati ya vidole, anaitazama.

"Ulijua lini?"

"Mwezi mmoja baada ya harusi yako."

Akaitupa punje. "Zile barua unazo?"

Nikaenda ndani nikaleta kopo. Nikamtolea tiketi tatu, akaziweka juu ya goti, akazipanga. "Nisomee ile ya makaa," akasema. Nikasimama, kwa mazoea. Macho yangu siku hizi ni mabaya lakini barua ile naijua kwa moyo. Nikasoma nusu saa ya kupisha, miguu iliyoganda, dagaa, mtu anayewatamani. Nikasoma, "Mwenzangu anawasalimu. Mama yake asiache kuniombea dua na mimi."

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Na ile ya kwanza? Salamu tu."

Nikaitafuta. "Mwenzangu hajambo kabisa, anakula kuliko mimi, anamsalimu mama yake."

"Na ya tano?"

"Mwenzangu anawasalimu."

"Ya sita?"

"Mwenzangu anawasalimu."

Wifi alikusanya tiketi zile, akazigongesha kwenye goti zikalingana. "Aliacha kusema hajambo," akasema. "Hakuweza kuandika uongo mkamsomea yule mama. Wewe ulikuwa unasoma, wifi. Ulikuwa unaangalia treni tu."

Kisha akanirudishia barua, akabaki na tiketi. Hakuniomba, wala mimi sikumuuliza. Alizifunga kwenye pindo la khanga yake, akavuta ungo, na mchele ulikuwa bado mwingi.